Safari Fupi ya Kusatsu: Maji ya Tiba na Wodi Isiyo na Tiba

Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Nilipokuwa nchini Japani kwa shughuli za kitaaluma nilipata siku mbili za mapumziko, na mwenyeji wangu, mwalimu wa historia katika chuo kikuu kimoja cha Tokyo, akanishauri nizitumie Kusatsu, mji mdogo wa chemchemi za maji moto katika mkoa wa Gunma. Alinieleza kwamba huko nitaona mambo mawili: moja ambalo kila mtalii huonyeshwa, na jingine ambalo mtalii hana budi kuliulizia mwenyewe.

Kutoka stesheni ya Ueno, treni huchukua zaidi ya saa mbili kufika stesheni ya Naganohara-Kusatsuguchi, kisha abiria huhamia kwenye basi. Safari ya basi yenyewe ni ya takriban nusu saa tu. Ratiba yake imepangwa kuilaki treni, hivyo abiria anaposhuka upande mmoja hulikuta basi likimsubiri upande wa pili. Dereva aliyevaa kofia na glavu nyeupe alihakikisha kila mmoja ameketi ndipo akaondoa gari. Kando yangu alikaa bibi mmoja mwenye kikapu, ambaye kwa ishara za mikono alinifahamisha kwamba maji ya huko ni makali. Basi lilipanda mlima kona baada ya kona hadi tulipofika kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hapo harufu ya kiberiti ikaingia kabla ya mji kuonekana. Aliyewahi kufika kwenye chemchemi za Amboni, kule Tanga, angeitambua mara moja.

Katikati ya Kusatsu kuna mahali paitwapo Yubatake, yaani shamba la maji moto. Ni kweli linafanana na shamba. Mifereji ya mbao imelazwa sambamba kama matuta, na maji yanayobubujika takriban lita 4,000 kwa dakika hupita humo yakipoa na kuacha ungaunga wa madini ambao hukusanywa na kuuzwa. Ukali wa maji hayo unakaribia ule wa ndimu. Kwa kuwa yanatoka ardhini yakiwa moto kupita kiasi, na wenyeji hawataki kuyachanganya na maji baridi wasije wakayapunguzia nguvu, hukorogwa kwa mbao ndefu mpaka yakavumilika. Daktari Mjerumani Erwin Bälz, aliyeanza kufundisha utabibu Tokyo mwaka 1876, aliusifu mji huu kwa maji na hewa yake, na sanamu yake imesimamishwa pale kwa shukrani.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu walizingatie. Maji hayo makali yalikuwa yakiua samaki, yakila nguzo za madaraja na kuharibu mashamba ya bondeni. Tangu mwaka 1964 serikali huyatia chokaa mtoni, usiku na mchana, ili kuvunja ukali wake. Hiyo ni kazi isiyo na siku ya uzinduzi wala ya kufungwa. Ikisimama, mto unarudia sumu yake. Dola inayoweza kulinda mto kwa zaidi ya nusu karne ni dola yenye uwezo na subira. Msomaji aikumbuke sifa hiyo tutakapofika kwenye jambo la pili.

Nilioga katika bafu la umma ambalo halitozi kiingilio. Utaratibu ni kwamba huingii birikani kabla ya kujimwagia maji, wala huingii na nguo. Kwa mtu aliyelelewa pwani, kuvua nguo zote mbele ya wazee wa rika la baba yake si jambo jepesi. Lakini mle ndani hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mkurugenzi na fundi bomba hawatofautishwi na chochote pale majini, na Wajapani wenyewe huamini kwamba watu waliooga pamoja huzungumza bila unafiki. Nikaikumbuka methali yetu: mficha uchi hazai.

Jambo la pili linaanzia kwenye maji hayohayo. Kwa miaka mingi watu wenye ukoma walisafiri hadi Kusatsu kwa sababu maji yake yalisifika kutibu magonjwa ya ngozi. Mwanzoni waliishi katikati ya wageni wengine. Mwaka 1887 walitengewa mtaa wao ulioitwa Yunosawa, pembezoni mwa mji. Ulikuwa ubaguzi, lakini angalau walikuwa na makazi yao: walimiliki nyumba, waliendesha maduka na nyumba za wageni, walioana. Mmisionari Mwingereza, Mary Cornwall Legh, aliwasili mwaka 1916 akatumia mali yake kuwajengea hospitali na shule.

Kisha sheria ikaja. Sheria ya mwaka 1931 iliamuru kila mwenye ukoma atengwe, si fukara wasio na makazi pekee kama ilivyokuwa awali. Mwaka uliofuata, kilomita chache kutoka Yubatake, serikali ilifungua hospitali ya kitaifa ya Kuryu Rakusen-en. Mikoa ilishindana kutangaza kwamba haina tena mgonjwa hata mmoja, na raia wakahimizwa kuwataja majirani zao. Mwaka 1941 mtaa wa Yunosawa ulivunjwa.

Katika eneo la hospitali hiyo, mwaka 1938, kilijengwa kitu ambacho kwenye nyaraka kiliitwa Wodi Maalumu. Waliokijua walikiita gereza zito. Leo kuna jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2014, ambamo sehemu ya jengo hilo imejengwa upya kwa vipimo vyake halisi. Nilisimama ndani ya chumba kimoja. Vilikuwa vinane, vyenye giza, visivyo na moto wa kuotea, katika mji ambao theluji ya majira ya baridi hufunika mapaa. Wagonjwa walioitwa wakaidi katika hospitali za nchi nzima waliletwa hapa. Hawakufikishwa mbele ya hakimu, kwa sababu mkurugenzi wa hospitali alikuwa amepewa mamlaka ya kuwaadhibu. Hadi jengo lilipoacha kutumika mwaka 1947, watu 93 walikuwa wamefungiwa humo, na 23 walikufa. Katika wodi hiyo hakuna aliyepewa tiba.

Mbele ya chumba kile nilijiuliza swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila tunapojadili maovu ya dola: je, watu hawakujua? Jibu la historia ni kwamba walijua, na baadhi walisema. Noboru Ogasawara, daktari wa Chuo Kikuu cha Kyoto, alishikilia kwamba ukoma hauambukizi kwa urahisi na kwamba kuwatenga wote hakuna msingi. Mwaka 1941, katika mkutano wa kitaaluma, wenzake walimpinga kwa pamoja na hoja yake ikazimwa. Hao hawakuwa askari wala wanasiasa, bali wasomi kama sisi.

Baada ya vita dawa zikapatikana na ukoma ukawa ugonjwa unaotibika. Hata hivyo sheria mpya ya mwaka 1953 iliendeleza kutengwa. Mwaka 1958 wataalamu wa ukoma wa dunia walikutana Tokyo kwenyewe wakashauri utengaji wa lazima uachwe, na sheria haikuguswa. Ilifutwa mwaka 1996. Miaka mitano baadaye Mahakama ya Wilaya ya Kumamoto iliamua kwamba utengaji huo ulikiuka katiba, na serikali ya waziri mkuu Koizumi ikaamua kutokata rufaa. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ilitambua pia madhara waliyopata jamaa za wagonjwa, ambao wengi wao walikuwa wamebadili majina na kuukana ukoo ili waweze kuoa, kuolewa au kuajiriwa.

Ni rahisi kwetu kuyasoma haya kama aibu ya Wajapani. Lakini Afrika Mashariki nayo ilikuwa na makazi ya wenye ukoma, yaliyowekwa mbali kwa makusudi, na hadi leo neno “mkoma” hutumika mitaani kama tusi. Haki inataka tuseme pia kwamba fedha za wakfu wa Kijapani, Nippon Foundation, ndizo zilizowezesha dawa mseto za ukoma kutolewa bure duniani kati ya mwaka 1995 na 1999, sisi tukiwa miongoni mwa walionufaika. Nchi moja inaweza kubeba historia zote mbili, na hakuna inayofuta mwenzake.

Nililoliokota Kusatsu ni hili. Uovu ule haukuhitaji watu wakatili sana. Ulihitaji fomu, jina lenye staha kama “wodi maalumu”, na ofisa mmoja mwenye mamlaka ya kuadhibu pasipo hakimu. Ulihitaji pia uwezo uleule unaomwaga chokaa mtoni kila siku bila kuchoka, kwa sababu dola yenye nidhamu huendeleza kosa kwa nidhamu ileile. Hapa kwetu nasi tuna maneno ya namna hiyo. Tunasema watu “wamehifadhiwa” tukimaanisha wamefungwa, na tunasema eneo “limesafishwa” tukimaanisha wachuuzi wamefukuzwa na meza zao zimevunjwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Japani imeanza kuyafichua yake kwa kusukumwa na wagonjwa wenyewe, wazee waliokwenda mahakamani wakiwa na umri wa kustahili kuachwa wapumzike. Kwa wanafunzi na watumishi wa umma wanaonisoma, nina ombi moja. Faili litakapofika mezani kwako likiwa na neno zuri linalomhusu mtu asiyekuwa na wa kumsemea, uliza maswali mawili kabla ya kutia saini: neno hili linafanya nini kwa mwili wa mtu huyo, na ni nani atakayemsikiliza akilalamika? Kama swali la pili halina jibu, irudishe kalamu mfukoni.