Rangi za gizani

Jamani, leo natoboa. Mume wangu akinikumbatia gizani, naona rangi: kwanza zambarau, halafu njano inayotambaa kama mafuta juu ya maji. Tangu utotoni kengele ya shule kwangu ilikuwa ya kijani, nikadhani wote wanaona hivyo. Kumbe ina jina: sinesthesia. Mwaka 2013 watafiti wa Hannover, Ujerumani, walichapisha utafiti juu ya watu 19 wa aina yangu. Faraghani huzama zaidi, karibu kama waliopagawa, lakini hawaridhiki zaidi ya wengine.

Hapo nikafunga kompyuta. Maana kweli, rangi zikianza, yeye namsahau. Juzi kaniuliza, "Huwa unakwenda wapi?" Nikasingizia uchovu. Leo akirudi kutoka kazini namwambia. Sijui nianze na rangi gani.