Saa Moja Iliyopotea Ruvuma

Tuliondoka Mtwara alfajiri ya Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2017, kwa pikapu iliyojaa abiria na magunia ya vitunguu. Nilikuwa nimekumbatia begi lenye kompyuta, betri ya akiba na laini tatu za simu. Mbili kati ya hizo zilikuwa za Msumbiji, nilipewa na mzee mmoja mfanyabiashara wa nguo aliyeniambia, "Kule ukiukosa mnara huu utaupata ule, mwanangu." Sikuwa nimewahi kuvuka mto Ruvuma.

Kazi yangu ni kupima mifumo ya kompyuta kwa kuitwisha mzigo. Unaunda watumiaji bandia, unawaelekeza wote kwenye seva kwa mpigo mmoja, kisha unaangalia seva inajibu kwa kasi gani na inaanza kulegea wapi. Mwaka ule timu yetu ilikuwa inaandaa seva ya majaribio ya kupokea taarifa za vituo vya afya kwa DHIS2, programu ileile inayobeba taarifa za afya za Tanzania, na ng'ambo ya mto inabeba mfumo wa Msumbiji uitwao SIS-MA. Dar es Salaam kila jaribio lilipita. Kutoka Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, taarifa zilezile zilikwama katikati, na mtumaji akalazimika kuanza upya. Tulibishana ofisini wiki mbili, wengine wakilaumu mtandao wa kule, wengine wakiilaumu seva yetu. Nikaomba niende nikapimie hukohuko.

Tulipofika Kilambo, kivuko cha upande wetu, maji yalikuwa yamekupwa, mafungu ya mchanga yamejitokeza katikati ya mto, kwa hiyo hatukungoja pantoni. Tulivuka kwa boti ya injini. Nahodha alizunguka fungu moja, akazunguka la pili, macho yake kwa viboko waliotoa masikio tu juu ya maji. Mimi nilikuwa na simu mkononi, na saa yake ikaanza kuruka. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, mara ikawa saa mbili na dakika kumi, mara ikarudi saa tatu. Simu ilikuwa inanasa mnara wa Msumbiji, inauachia, inanasa wa Tanzania. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na mpaka wa saa hiyo ni mto huu.

Namoto, upande wa Msumbiji, pasi ikagongwa muhuri. Nilipoona mrukoruko ule unaendelea hata nchi kavu, nilizima mpangilio wa saa kujirekebisha yenyewe, kwenye simu na kwenye kompyuta, nikarudisha zote nyuma saa moja kwa mkono. Nikadhani nimejihami.

Njia ya kwenda Palma inapita Quionga. Nilitaka kupaona, kwa sababu shuleni tulisomeshwa kwamba Ruvuma ndio mpaka wa kusini, kana kwamba umekuwa hivyo tangu mto ulipoanza kutiririka. Pembetatu hii ndogo ya Quionga, kusini mwa mto, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894. Wareno waliitwaa Aprili 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Bibi mmoja aliyekuwa akianika muhogo kando ya barabara alinijibu shikamoo yangu kwa Kiswahili ambacho ungekisikia Mikindani. Mpaka umehama juu ya vichwa vya watu hawa na maneno yao yamebaki palepale.

Palma imekaa kwenye mteremko unaoshukia ghuba ya Tungue, minazi kila upande, na ukifika chini unakutana na mashua zimelala kwenye matope zikingoja bamvua. Kimwani, Kimakonde na Kiswahili vinasikika kwa pamoja sokoni, na Kireno kinaingia pale tu panapohusu karatasi au bei. Fedha yao, metical, jina lake limetokana na mithqal ya Kiarabu, kipimo cha dhahabu. Nilifurahi kulikuta neno la wafanyabiashara wa kale wa bahari yetu limechapishwa kwenye noti.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwenye kituo cha afya nilichokuwa nimeombewa ruhusa. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyefunga kitenge juu ya sare, alinipa benchi chini ya mwembe. "Kaa hapo, baba. Hapo ndipo na sisi tunapotafutia mtandao." Alikuwa na rejesta kubwa ya jalada gumu, kona zake zimekuwa laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa, na mistari ya waliopimwa malaria imejazwa kwa wino wa rangi mbili.

Hapa nieleze kidogo, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Jaribio la mzigo likifanyika linazaa namba kwa maelfu: kila ombi lilitumwa lini, lilijibiwa baada ya milisekunde ngapi, lilifaulu au lilishindwa. Ukizitazama namba hizo peke yake unajua tu kwamba mtumiaji aliumia. Kilichomuumiza unakijua ukiziweka kwenye jukwaa la ufuatiliaji, kando ya namba za seva yenyewe: kichakataji kinafanya kazi kiasi gani, kumbukumbu imebaki ngapi, wahudumu wangapi wa ndani, yaani nyuzi za programu zinazopokea maombi, wameshikwa. Sisi tulitumia Apache JMeter kupima, InfluxDB kuhifadhi na Grafana kuchora. JMeter inaweza kupeleka matokeo moja kwa moja wakati jaribio linaendelea, lakini pale Palma nilikataa njia hiyo. Mtandao ulikuwa mwembamba, na matokeo yangepita kwenye tundu lilelile ninalolipima. Ningekuwa nakanyaga mizani huku nikisoma uzito. Nikaamua matokeo yaandikwe kwenye faili, yatumwe usiku mtandao ukitulia.

Niliwaachilia watumiaji bandia 40, kila mmoja akituma taarifa ya mwezi yenye ukubwa wa ile halisi. Walikwama, kama ilivyolalamikiwa. Usiku nikatuma faili, nikampigia mwenzangu wa Dar es Salaam.

"Kaka, umepima mara mbili?"

"Mara moja tu."

"Mbona mzigo wako uko saa nne na nusu, na huku seva imetaabika saa tano na nusu? Saa nne na nusu seva ilikuwa imelala."

Nilifungua faili. Mstari wa kwanza ulianza na 1502782200000. Hiyo ni saa kama kompyuta inavyoijua: milisekunde tangu usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya ulimwengu. Haina Palma wala Mtwara. Mimi nilianza jaribio saa nne na nusu ya Palma, ambayo muuguzi akiandika kwa Kireno huiandika dez e meia, na ambayo Mtwara ni saa tano na nusu. Yote matatu ni wakati mmoja, na namba yake sahihi ilikuwa 1502785800000. Nilipovuka mto nilipaswa kuiambia kompyuta kwamba nimehama ukanda wa saa, nayo ingeonyesha saa ya Palma na kubaki na hesabu yake ya ndani. Badala yake niliuvuta mshale kwa mkono, kompyuta ikaamini bado iko Tanzania na kwamba saa moja haijatokea. Kila mstari ulipungukiwa na 3,600,000.

Kama mwenzangu asingekuwa macho, tungehitimisha kwamba seva haikuguswa kabisa na mzigo, na lawama yote tungewatupia watu wa Palma na minara yao. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Nilifuta matokeo ya mwanzo kwenye jukwaa, nikaongeza 3,600,000 kwenye kila mstari, nikaweka na lebo ya mahali, palma, ili yasichanganyike na ya Dar es Salaam, nikatuma tena. Sasa vilima viwili vya mchoro, cha mzigo na cha seva, vikakaa kimoja juu ya kingine, na jibu likaonekana. Kichakataji cha seva kilikuwa karibu kimelala. Lakini wahudumu wa ndani wa Tomcat, programu inayoiendesha DHIS2 kwenye seva, ambao kwenye seva ile ndogo tulikuwa tumewawekea kikomo cha 25, wote walikuwa wameshikwa. Simu yenye mtandao mwembamba hutuma taarifa yake tone kwa tone, na mhudumu anayeipokea hasogei mpaka tone la mwisho. Watumaji 25 wa polepole walitosha kuziba mlango wote, na wa 26 akabaki nje mpaka muda wake ukaisha. Dar es Salaam watumaji mia walipita kwa sababu kila mmoja aliingia na kutoka kabla hujafumba jicho. Hata wastani ulikuwa umetudanganya, kwa kuwa wengi wa haraka waliwafunika wachache wa taratibu. Tangu hapo nimeacha kusoma wastani peke yake. Nauliza kwanza, katika kila maombi 100, hayo matano ya mwisho yalingoja kiasi gani?

Dawa haikuwa ghali. Mwenzangu aliweka programu ya nginx mbele ya seva, iwe ndiyo inayokinga matone hayo mpaka taarifa ikamilike, ndipo iikabidhi kwa mhudumu kwa mkupuo. Jumatano nikarudia jaribio chini ya mwembe uleule. Wote 40 walipita, taratibu, lakini walipita. Kisha nikamwomba muuguzi ajaribu kwa simu yake mwenyewe. Alivaa miwani, akanakili namba za mfano moja moja, kidole cha kushoto kikifuata mstari wa rejesta, akabonyeza, akaiweka simu juu ya goti akingoja. Ilipomwambia taarifa imepokelewa alisema tu, "Haya, baba," akafunga rejesta, akarudi kwa wagonjwa wake.

Tarehe 5 Oktoba mwaka ule, wapiganaji walivamia Mocímboa da Praia, mji unaofuata ukishuka pwani kutoka Palma, na vita vikaanza. Tarehe 24 Machi 2021 vikafika Palma yenyewe, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakimbia, wengine kwa miguu kuelekea mto ule niliouvuka, wengine kwa vyombo kwenda Pemba ya Msumbiji. Nilimtafuta muuguzi kwa namba aliyonipa. Haikuita.

Wewe unayepima mfumo utakaotumiwa na watu wa mbali, nenda kapimie walipo, na kila mstari utakaotuma uandike mahali na saa ya ulimwengu. Faili la siku ile bado ninalo. Mistari yake yote imesahihishwa, na kila mmoja una neno palma.