Kidonda Huvuta

Binti yangu wa pili alimwagikiwa uji wa moto akiwa na umri wa miaka mitatu. Nilikuwa jikoni mle mle, hatua mbili kutoka alipokuwa, nami ni muuguzi. Tuliuweka mkono chini ya maji ya bomba kwa dakika 20, kisha tukamkimbiza hospitali. Upande wa ndani wa kiwiko ngozi ilikuwa imetoka.

Alifungwa banzi ili mkono ukae umenyooka, hasa usiku. Mtoto alilia. Alitaka kuukunja, maana ukikunjwa maumivu hupungua. Usiku wa tatu nilishindwa, nikamfungua. Asubuhi nilimfunga tena kabla ya kwenda kazini, na nikaendelea hivyo kwa majuma kadhaa. Wodini ningemgombeza mama mwingine kwa jambo hilo.

Kidonda kilipona vizuri, kikavu, bila usaha. Mkono ndio haukunyooka.

Akina mama wenzangu, wengi wetu hudhani kidonda ni shimo linalongoja kujazwa. Sivyo. Seli zinazotengeneza nyama mpya hutambaa kutoka kingoni na kuingia ndani, nazo hazina macho, hupapasa. Seli hushika nyuzi zilizo mbele yake, huzivuta, kisha hujisogeza, kama mkwezi anavyokumbatia mnazi. Mwaka 2000, Chun-Min Lo, Yu-Li Wang na wenzao huko Marekani waliweka seli za namna hiyo juu ya utando wenye upande laini na upande mgumu. Zilizotoka kwenye ulaini zilivuka mpaka bila shida. Zilizotoka kwenye ugumu, zilipofika mpakani, ziligeuka. Kumbe seli hutambua njia kwa kuvuta tu!

Tena hazivuti kidogo. Mwaka 1971 Giulio Gabbiani na wenzake walieleza kwamba ndani ya kidonda kinachopona mna seli zenye nyuzi za kujikaza, karibu kama za misuli. Ndizo zinazokusanya kingo za kidonda pamoja, na kwenye jeraha dogo tunazishukuru. Lakini kwenye kiungo kilichokunjwa zinavuta hali ngozi imelegea, na nyuzi mpya hufumwa kwa kipimo hicho kifupi. Banzi haliondoi mvuto huo. Hulazimisha nyuzi zifumwe ndefu. Mimi kila usiku nilikuwa nikizipa nafasi ya kufupisha.

Mwaka uliofuata kovu lilikatwa, akapandikizwa ngozi kutoka pajani. Safari hii banzi lilifunguliwa wakati wa mazoezi na wa kusafisha tu. Alilia vile vile. Nilikaa kitandani pake nikimsimulia habari za kuku wetu, yupi kaatamia na yupi anakula mayai yake.

Sasa ni msichana mkubwa, hufua na kukamua mashuka peke yake. Mkono ule bado hubaki umepinda kidogo, nami huuona kila anapoanika. Hajaniuliza kwa nini. Siku atakayouliza nitamweleza habari za banzi.