Prosija Zilizopotea Asubuhi ya Karo

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini leo nataka kuwasimulia kisa kilichonifunza mengi kuhusu hifadhidata kuliko mihula yote ya chuo kikuu.

Nilipomaliza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 2021, niliajiriwa kutunza mfumo wa SACCO moja. Data yote ilikaa kwenye seva ya MySQL, na programu tatu ziliitumia: ya makarani wa kaunta, ya tovuti ya wanachama, na ile inayopokea malipo ya simu. Kila programu ilikuwa na hesabu zake za kuweka na kutoa pesa, zilizoandikwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti.

Siku moja mzee mmoja akaja ameshika risiti mkono mmoja na simu mkono wa pili. Alikuwa na shilingi 20,000. Akiwa kaunta akitoa 15,000, mwanawe akamwekea 3,000 kwa simu. Alitarajia kubaki na 8,000, lakini mfumo ulimwonyesha 5,000.

"Kijana," akaniambia kwa upole, "hii kompyuta yako imekula elfu tatu zangu."

Alikuwa na haki. Programu ya kaunta ilisoma salio, ikakuta 20,000. Kabla haijaandika, programu ya simu nayo ikasoma 20,000 ile ile, ikaongeza 3,000, ikaandika 23,000. Kisha ya kaunta ikamaliza hesabu yake ya zamani na kuandika 5,000 juu yake. Hakuna aliyeiba. Programu mbili zilikuwa zimeshika kalamu moja kwa wakati mmoja, basi. Tulimrudishia mzee pesa yake, nami nikaanza kutafuta dawa.

Dawa niliyochagua ni prosija za hifadhidata. Kwa wasiozijua, prosija ni kipande cha msimbo kinachopewa jina na kuhifadhiwa ndani ya seva ya hifadhidata yenyewe. Programu haitumi tena amri tano au sita za SQL. Inasema tu CALL toa_pesa(1045, 15000), na seva inafanya mengine. Si jambo geni: Oracle ilikuwa nazo tangu toleo la 7 mwaka 1992, na MySQL ikazipata katika toleo la 5.0 mwaka 2005.

Kiini cha prosija yangu kilikuwa hiki:

START TRANSACTION;
SELECT salio INTO v_salio FROM akaunti
  WHERE namba = p_namba FOR UPDATE;
IF v_salio >= p_kiasi THEN
  UPDATE akaunti SET salio = salio - p_kiasi
    WHERE namba = p_namba;
  COMMIT;
ELSE
  ROLLBACK;
END IF;

Maneno FOR UPDATE ndiyo kufuli. Prosija ya kuweka pesa nayo inaomba kufuli hilo hilo, kwa hiyo anayekuja wa pili anasubiri hadi wa kwanza amalize, kisha anasoma salio jipya.

Tuelewane vizuri hapa. Kinacholinda pesa ni kufuli na muamala, si prosija kwa kuwa ni prosija. Ningeweza kuandika mambo hayo hayo ndani ya kila programu. Lakini ningeandika mara tatu, na programu ya nne ikija, mtu angesahau. Kwa hiyo nikaziondolea programu zote ruhusa ya UPDATE kwenye jedwali la akaunti, nikaziachia ruhusa ya EXECUTE kwa prosija peke yake. Mlango ukawa mmoja, na kila anayegusa pesa akapitia hapo.

Mkubwa wangu kazini hakufurahi. "Hifadhidata ni ghala," alisema. "Ukiweka akili ghalani, nani ataikagua?" Nilidhani ni uzee. Programu zetu zote zilikuwa kwenye Git, lakini prosija nilikuwa nazirekebisha moja kwa moja kwenye seva, dakika mbili nimemaliza. Nilijiona fundi.

Januari 2023, wikendi moja kabla ya shule kufunguliwa, diski ya seva ikafa. Sikuogopa, kwa sababu kila usiku mysqldump ilikuwa inatoa bekapu. Jumapili nikairejesha kwenye seva mpya, nikahesabu wanachama, nikalinganisha masalio, nikaenda kulala.

Jumatatu asubuhi, foleni ya wazazi wa karo imefika barabarani, karani wa kwanza akabonyeza kitufe cha kutoa pesa. Kosa namba 1305: prosija haipo. Hakuna hata moja iliyokuwepo. Kumbe mysqldump, usipoiambia, inabeba majedwali na triga lakini haibebi prosija wala funksheni. Inataka uongeze --routines.

Kwenye laptopu nilikuwa na nakala ya miezi minane nyuma. Meneja akaniambia niiweke tu watu wahudumiwe. Nilitamani sana. Lakini nakala ile ilikuwa ya kabla hatujaweka zuio la akaunti za wanachama waliofariki, ambazo familia zilikuwa bado zinangoja mirathi. Ningeiweka, yeyote mwenye namba ya siri ya marehemu angetoa pesa asubuhi hiyo. Nikakataa. Tukafunga kaunta, nikaandika upya kwa kumbukumbu huku mkubwa wangu amekaa kando akikagua kila mstari. Tulifungua saa tano. Hakusema neno kuhusu ghala, na hilo liliniuma zaidi.

Bado natumia prosija, na kwa pesa nitaendelea kuzitumia. Lakini sasa kila moja ni faili ndani ya Git, hairekebishwi kwenye seva bila mtu wa pili kuisoma, na kila miezi mitatu tunarejesha bekapu kwenye seva tupu, tunatoa pesa za majaribio na kuona kama zinatoka. Kuhesabu mistari ya majedwali, kama nilivyofanya Jumapili ile, hakutoshi.

Basi ndugu msomaji, kabla hujalala leo, fungua skripti yako ya bekapu uangalie kama --routines imo.