Karatasi ya Zambarau

Walimu wa rika langu tunaijua vizuri rangi ya zambarau. Kabla ya fotokopi kuenea, mitihani mingi ya shule iliandikwa juu ya karatasi yenye kaboni ya zambarau nyuma yake, kisha ikadurufiwa kwa mashine iliyotumia spiriti. Wanafunzi walikuwa wakiinusa karatasi kwanza, ndipo wakaisoma.

Karatasi ya jamii hiyo ndiyo wanayoitumia wachora tatuu hata leo. Mjukuu wangu anayefanya kazi hiyo Mombasa ndiye aliyenionyesha. Undugu wa kazi hizi mbili ni wa siku nyingi. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme ya kutoboa stensili za kudurufia maandishi. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York akapata hataza ya mashine ya tatuu iliyofuata mfano wa kalamu za Edison.

Je, karatasi ipi ni nzuri? Anayechora kwa mkono achague ya mkono, kwa kuwa kaboni yake huachia kwa mgandamizo wa kalamu. Ile nyingine imetengenezwa kwa ajili ya mashine ya joto. Achore mstari mwembamba na duara dogo, halafu atazame upande wa nyuma. Mstari ukikatikakatika, kaboni imekauka. Kiganja kikiacha madoa, kaboni ni laini mno, nayo itaichafua ngozi. Kwa joto letu la Pwani, karatasi hizo zilazwe mahali pakavu, mbali na jua. Tena kila mteja apate yake mpya. Iliyogusa ngozi ya mtu haigusi ya mwingine.

Lakini sifa kubwa kuliko zote ni kusomeka. Shuleni, kosa lilipoonekana baada ya nakala mia kutoka, mwalimu aliandika sahihisho ubaoni na mtihani ukaendelea. Ngozi haina ubao.

Kwa sababu hiyo mjukuu wangu hashiki sindano mpaka mteja asome kwa sauti kilichobandikwa mwilini mwake. Siku moja nilipokuwapo, alikuja mama mmoja aliyetaka jina la marehemu mama yake mkononi. Alisoma, akanyamaza, akasoma tena.

"Hapa umeanza na Kh," alisema. "Mama yangu aliandika H tu."

"Hakuna neno, dada. Tunafuta."

Akafuta kwa spiriti, akachukua karatasi nyingine. Mama yule alifuta machozi, akasema kwamba herufi ile moja ingemfanya marehemu kuwa mtu mwingine.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi karatasi bora ni ile inayoandika waziwazi kiasi cha mwenye ngozi kuona kosa mwenyewe, na inayokubali kufutwa maadamu bado hajasema, "Endelea."