Saa Tisa Alasiri

Kumbukumbu ya kompyuta husahau. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza nilipoanza kuibana, na bado hunishangaza. Kila biti ndani yake ni chaji ya umeme iliyowekwa kwenye kapasita ndogo mno, na transista moja ndiyo mlango wake. Muundo huo ulibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza mwaka 1968. Tatizo ni kwamba chaji huvuja. Kwa hiyo kila safu husomwa na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64, usiku na mchana, ili mradi umeme upo. Kompyuta inakumbuka kwa sababu inakumbushwa.

Mimi ni mhariri wa video za harusi, Dar es Salaam, na kompyuta yangu nimeiunga kwa vipande vya mtumba. Prosesa mpya siiwezi, lakini ramu ina namba unazoweza kuzigusa bure. Nina vipande viwili vya DDR4, GB 8 kila kimoja, vilivyoandikwa kiwandani 3200, na nyakati za kusubiri 16-18-18-38. Ile 16 ya mwanzo ni mizunguko inayopita tangu data iombwe kwenye safu iliyokwisha kufunguliwa hadi ianze kutoka. Kwa kasi hiyo, mizunguko 16 ni nanosekunde 10. Ukishusha hadi 14, ni nanosekunde 8.75. Umeokoa muda ambao hata nuru haijasafiri nusu mita.

Unaweza kucheka. Lakini kusubiri huko hujirudia mara mamilioni kila sekunde, na mdogo wangu, anayecheza gemu kwenye mashine hiyohiyo, aliiona tofauti kabla yangu.

"Dada, imekuwa nyepesi hii. Shusha mpaka 12."

Nikamwambia tuone kwanza kama hiyo 14 inasimama.

Kazi yenyewe iko hapo. Kubadilisha namba kwenye baiosi ni dakika mbili; kujua kama zinasimama ni siku kadhaa. Kompyuta kuwaka si ushahidi. Usiku ule niliwasha MemTest86, programu inayojaza ramu kwa mpangilio maalumu wa biti kisha kuusoma tena kuona kama umebaki vilevile. Ilipiga raundi nne hadi alfajiri. Kosa hata moja halikuonekana. Mdogo wangu akaamka anashangilia.

Siku hiyohiyo saa tisa alasiri, mwezi wa pili, feni ya dari ikizungusha joto lilelile, nilirudia jaribio kwa programu nyingine huku kadi ya picha ikichapa kazi. Kabla saa moja haijaisha, makosa mawili. Namba zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni joto. Chipu ikipata moto, chaji huvuja haraka zaidi; ndiyo maana viwango vya DDR4 vinataka chipu iliyopita nyuzi 85 ikumbushwe mara mbili zaidi ya kawaida. Yangu haikufika huko, lakini nilikuwa nimeshaipunguzia nafasi ya kupumua. Na MemTest86 huendeshwa kabla ya Windows kuwaka, hivyo usiku kucha kadi ya picha ilikuwa imepumzika. Tulikuwa tumepima mashine ambayo hatuitumii.

"Mawili tu, Dada."

Mawili tu. Biti moja ikigeuka ndani ya programu, kompyuta inaganda, unasonya, unawasha upya. Ikigeuka ndani ya video unayoihamisha kutoka kadi ya kamera, hakuna kinachoganda. Faili linaandikwa kwenye diski likiwa na jina lilelile, ukubwa uleule, na jeraha ndani. Seva hutumia ramu za ECC, zenye biti za ziada za kugundua na kusahihisha kosa la aina hiyo. Zangu hazina. Na kadi ya kamera huifuta, kwa sababu Jumamosi kuna harusi nyingine.

Nilirudisha 16. Nikabana namba chache za nyuma, zile tu zilizovumilia mchana mzima mlango ukiwa umefungwa. Mdogo wangu alinuna siku mbili.

Miezi kadhaa baadaye alinipigia mteja mmoja. Baba yake alikuwa amezikwa wiki ile. "Dada, ile hotuba ya mzee, yote, kabla hujaikata, bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Niliicheza mwanzo hadi mwisho, dakika kumi na moja, kabla ya kumtumia. Mzee alikohoa, akasahau jina la mkwewe, watu wakacheka, akacheka nao. Picha haikukatika wala sauti haikupasuka. Huenda kwa 14 pia ingebaki salama. Lakini kadi ya kamera ilishafutwa zamani, na sikuwa na pengine pa kwenda kuulizia.