Sauti Ilikuwa Bado Ipo

Besiboli ya Julai haina kombe. Ligi iko katikati, fainali ni Oktoba, na timu hucheza karibu kila siku. Mechi nyingi husahaulika kabla ya wiki kuisha. Ya 4 Julai 1939 mimi siisahau.

Siku hiyo New York Yankees walicheza mara mbili na Washington Senators. Walishindwa ya kwanza, wakashinda ya pili. Lakini matokeo, bana, nani anayakumbuka? Kati ya mechi hizo mbili, Lou Gehrig alisimama mbele ya maikrofoni. Alikuwa amecheza mechi 2,130 mfululizo. Sasa, akiwa na miaka 36, ugonjwa ulikuwa unamla misuli. Akajiita mtu mwenye bahati. Miaka miwili haikuisha, akafariki.

Mama yangu naye aliugua misuli. Kabla mikono haijakataa kushika kikombe, ulimi ulikuwa umeshagoma. Watu wa kuaga alikuwa nao, tele, wamejaa sebuleni.

Gehrig alizitaja bahati zake: wazazi, mke, wachezaji wenzake. Mimi ningemwongezea moja: aliweza kuzitaja.